Naomba ushauri: mama ana demensia, tafiti mpya nazifuatiliaje?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mama yangu ana miaka 74, tunaishi nae Mbagala, mwaka jana daktari alisema ni demensia ya Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu), anatumia dawa inaitwa donepezil. Juzi kaweka sufuria ya wali kabatini juu ya kanga zake, afu akawa anauliza nani kala chakula cha baba, na baba alishafariki zamani. Nikimwambia ukweli analia upya kama ndo kafiwa leo, kwahiyo siku hizi namuuliza tu habari za baba, anasimulia weee mpaka anatulia.

Usiku akilala ndo nasoma. Nimeona dawa mpya za Alzheimer, lecanemab na donanemab, zimeruhusiwa Marekani, 2023 na 2024, ila ni za hatua za mwanzo tu, zinapunguza kasi ya ugonjwa, haziponyeshi, na zinaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu. Ripoti ya 2024 ya jopo la Lancet (jarida la kitabibu) nayo inataja vihatarishi 14 vya demensia, kutosikia vizuri kukiwemo, na mama sikio la kushoto linamsumbua kitambo. Daktari nilimuuliza, foleni ilikuwa ndefu akasema endeleeni na dawa. Kwenye grupu la familia kila siku natumiwa mitishamba, nimechoka jamani.

Mnaouguza wazee, habari za utafiti za kuaminika na zenye lugha ya kawaida mnazipata wapi? Na kuna aliyempima masikio mzee mwenye hali hii hapa Dar, alitulia kwenye kipimo, na kifaa anakubali kukivaa?