Gauni la zamani la mama: koti, sketi na topu, au ninunue kitenge kipya?

BintiKorogwe
Habari zenu wapendwa. Nina gauni la marehemu mama, limekaa sandukuni miaka mingi. Nataka kulivaa kwenye sendofu ya mdogo wangu, ila mtindo wake umepitwa: mabega yamefura na kiuno ni kikubwa mno. Nimewaza kulifanya koti fupi la kuvaa juu ya gauni jeusi, au sketi na topu. Au niliache lilivyo nikanunue kitenge kipya. Mnanishauri nini? Fundi wa mtaani anasema lolote linawezekana.

MamaWawili
Koti! Nimeshonesha mawili kutoka magauni ya zamani na bado nayavaa. Koti halitaki vipimo vya kubana, na baada ya sherehe utalivaa hata na jinzi.

FundiWaIlala
Dada, hujasema kitambaa gani. Kitenge, satini, kanga? Mama alikuwa na mwili gani ukilinganisha na wako? Na sherehe ni lini? Bila hayo tunapiga ramli.

BintiKorogwe
Samahani kaka. Ni kitenge cha pamba, zambarau na njano. Baba anasema ni cha kiwanda cha Urafiki, mama alikinunua kabla sijazaliwa. Alikuwa mnene kunizidi. Sherehe ni wiki tatu zijazo.

FundiWaIlala
Sasa tunaelewana. Kabla ya mkasi, liinue gauni juani ulitazame kwa ndani. Panapopenya mwanga kama chandarua, pamba imekwisha. Mara nyingi ni kwapani, kati ya mabega na pale pa kukalia. Halafu shika kitambaa kwa mikono miwili, vuta taratibu. Kikianza kuachia nyuzi, sahau sketi, maana ukikaa na kuinama sketi ndiyo inavutwa kuliko vyote. Kwa koti, mgongo unaukata kwenye marinda ya chini ya gauni, ambako kitambaa hubaki kizima.

Jambo jingine ni pindo. Ndani yake rangi haijapauka, kwa hiyo ukilishusha kuongeza urefu, mstari utaonekana. Afadhali kufupisha.

Zuhura_Tanga
Mwanangu, nisikilize kabla hujampa mtu hilo gauni. Mimi nilikuwa na gauni la shangazi aliyenilea, kitenge chenye ndege wakubwa. Nikampelekea fundi niliyeelekezwa na jirani, nikamwambia nataka koti. Akanipima haraka haraka, akasema njoo Alhamisi. Alhamisi ikawa Jumatatu, Jumatatu ikawa siku moja kabla ya shughuli. Nilipolipokea, upande mmoja ndege wamesimama, upande mwingine wako kichwa chini. Nikalivaa hivyo hivyo, nitafanyaje? Kisha nikalifua mara moja tu. Bitana, kile kitambaa cha ndani, ilikuwa mpya na hakuilowesha kabla ya kushona, ikasinyaa, na kitenge kilikuwa kimefuliwa miaka, chenyewe hakisinyai tena. Koti zima likajikunja. Lakini kilichoniliza ni vipande. Nilimwuliza mabaki yako wapi, akasema ameshatupa. Nguo ya shangazi yangu! Nilitaka hata kipande cha kufungia Msahafu wake.

Mwambie fundi wako mapema: kila kipande, hata cha kiganja, unakitaka.

MamaWawili
Pole sana dada Zuhura. Hilo la bitana ni kweli kabisa. Iloweshe usiku kucha, ianike, ipige pasi, ndipo ikatwe.

LamuKwetu
Mimi nisingekata. Nyumbani kwetu leso za bibi, kanga mnavyoziita, ziligawiwa wajukuu zikiwa nzima, kila moja na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa. Ukishakata, mama hayupo tena ndani ya nguo hiyo.

MamaWawili
Ndugu yangu, leso na gauni si kitu kimoja. Leso ukiikata umevunja pindo la pembeni, mji wa katikati na jina. Gauni lilishakatwa tangu siku liliposhonwa. Mama mwenyewe alikata.

LamuKwetu
Alikatiwa mwili wake. Hapo ndipo penye tofauti.

MzeeWaMusoma
Zambarau na njano mbona nazikumbuka zaidi kwa vitenge vya Mutex, kile kiwanda cha kwetu Musoma? Tafuta ukingo wa kitambaa, viwanda vilikuwa vinachapa jina pale.

FundiWaIlala
Mzee, Urafiki nao walichapa rangi zote. Ila la ukingo ni sahihi, mafundi wa zamani walikuwa wanauficha ndani ya pindo.

BintiKorogwe
Nimefumua pindo usiku huu. Mzee, nimekuta herufi "AFIKI", zilizotangulia zimekatwa. Baba alikuwa sahihi. Kwapani pamelika, mgongo pia, ila chini kitambaa ni kigumu kama kipya. Nimekuta pia mahali mama alishona kwa mkono kwa uzi wa kijani, nadhani palichanika akaziba. Sijui kama naweza kumwacha fundi apakate hapo. Mdogo wangu anasema koti, na uzi huo ukae kifuani uonekane. Baba amelishika gauni, hajasema kitu.

Zuhura_Tanga
Mpe baba siku mbili.

MamaWawili
Wiki tatu si nyingi jamani, na mafundi msimu huu wamejaa. Kuna anayejua bitana ya pamba tupu inapatikana duka la upande gani Kariakoo? Mtaa wa Uhuru nimeambiwa wanauza za nailoni tu.