Dada na watoto wake wawili hawajulikani walipo tangu 2023, wazee wanataka tukae matanga. Nisaidieni

Mwana wa Ganze
Hamjambo nyote. Nimeandika na kufuta mara tatu, leo liwalo na liwe.

Dada yangu mkubwa aliondoka nyumbani Februari 2023 na wanawe wawili, mmoja wa miaka 9, mwingine 5. Aliuza cherehani, akawatoa watoto shule, akamwambia mama wamepata shamba upande wa Langobaya na atapiga simu wakishatulia. Alipiga mara moja tu, mwezi wa tatu. Kutoka hapo, hapatikani. Mwezi wa nne mambo ya Shakahola yakafichuka, ule msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa dhehebu walifunga kula mpaka kufa, na usingizi kwetu ukaisha.

Kama alienda huko au la, sina ushahidi. Mama alipelekwa Malindi mwaka huohuo, akapanguswa mdomoni kwa kijiti cha pamba kwa ajili ya DNA, akapewa karatasi. Karatasi hiyo ameifunga kwenye pindo la leso, iko sandukuni. Kituo tulichoandikisha habari, kila tukienda ni "mtapigiwa". Hatujapigiwa.

Sasa wazee wa ukoo wamesema hanga, yaani matanga, lifanywe, yaishe. Na kuna shamba la marehemu baba. Baba mdogo anataka ligawanywe na jina la dada liachwe nje, ati maiti hana fungu. Mama hataki kusikia lolote kati ya hayo. Kila mwisho wa mwezi anaitilia laini ya dada kredo ya shilingi ishirini, isije ikafungwa.

Nisimame na nani?

Karani Mstaafu
Pole sana, mwanangu. Nimekaa masijala ya mahakama miaka mingi, niruhusu nianze na shamba kwa sababu hapo ndipo mtaumizana.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, yasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangemsikia, huchukuliwa kuwa amekufa. Kwa dada yako hiyo ni 2030. Kwa hiyo hilo neno "maiti" baba mdogo hana ruhusa nalo bado.

Lakini kugawa hamkatazwi. Jina la dada liandikwe kwenye barua ya chifu pamoja na warithi wengine, na mahakama iombwe fungu lake liwekwe kando. Mkilificha, kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinaruhusu hati ya urithi ya mahakama kufutwa hata kama mmeshagawana na kupanda mihogo. Mwambie hivyo, kwa adabu.

Mpwani Mkavu
Mimi nitasema wasilotaka kusema wengine. Miili iliyofukuliwa Shakahola ni 429. Machi 2024 familia za kwanza zilipoanza kukabidhiwa, iliyokuwa imetambuliwa kwa DNA ni 34. Mtangoja mpaka lini? Fanyeni hanga, mama apumue.

Mama wa Mtepeni
@Mpwani Mkavu hesabu yako hiyohiyo ndiyo inayonifanya nimwambie angoje. Wasiotambuliwa ni wengi mno. Na wapo waliotolewa hai, zaidi ya 90, wengine wakakataa hata kutaja majina. Juni 2023 si watu 65 walipelekwa mahakama ya Shanzu kwa kujaribu kujiua, kisa wamegoma kula? Mtu kama huyo hawezi kukupigia simu. Mwana wa Ganze, mliuliza upande wa walio hai? Shirika la Msalaba Mwekundu liliweka dawati la kutafuta jamaa pale Malindi.

Mwana wa Ganze
Tuliuliza mara moja tu, 2023, kwa jina lake la kitambulisho. Picha hatukubeba.

Mama wa Mtepeni
Rudini na picha. Na majina yote aliyowahi kuitwa, mpaka la utotoni.

Pamba na Chupa
Swali: kwa wale watoto wawili, nani alitoa sampuli?

Mwana wa Ganze
Mama peke yake. Tuliambiwa inatosha.

Pamba na Chupa
Kwa dada yako inatosha, mzazi na mtoto hulinganishwa vizuri. Kwa wajukuu, sampuli ya nyanya pekee ni dhaifu. Wanahitaji baba yao. Na alama za vidole hazitawasaidia: serikali huchukua vidole mtu akiomba kitambulisho, akiwa na miaka 18. Mtoto wa miaka 5 hana chochote kwenye kumbukumbu. DNA ya baba ndiyo jina lake.

Kingine, mwombe mpelelezi atafute amri ya mahakama kupata kumbukumbu za ile laini. Ule mnara wa mwisho ulioshika simu utakuambia kama ilikuwa Langobaya au Lamu. Nenda na namba ya OB mkononi, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Ukienda mikono mitupu utaambiwa "mtapigiwa" tena. Na mtaje Kwa Binzaro, maana 2025 makaburi mengine yalifukuliwa huko, eneo lilelile la Chakama uliko msitu wa Shakahola. Sampuli ya mama ilitolewa kabla. Uliza kama imelinganishwa na miili hiyo pia.

Mluhya wa Likoni
Kwetu mtu akipotea kabisa, wazee huzika mgomba badala ya mwili. Tulimfanyia babu hivyo. Sikushauri, nakwambia tu nilichoona: nyanya yangu alikaa siku nzima na mgongo kwa kaburi. Hajawahi kuukubali ule mgomba.

Mwana wa Ganze
Nawashukuru. Hilo la baba yao limenikata maini, kwa sababu tangu waachane hatusemezani naye. Yuko Mtwapa. Nimempigia leo. Mara mbili amekata, ya tatu akasikiliza. Akaniuliza kama atatolewa damu, nikamwambia ni pamba tu, mdomoni. Kimya kirefu. Halafu akaniuliza yule mdogo alikuwa ameng'oa jino la mbele au bado.

Jumatano tunakutana stendi ya Malindi. Mama anakuja na karatasi yake na picha ya harusi ya dada, picha nyingine hatuna. Wazee wamenuna, lakini mbuzi waliotengwa kwa hanga wamerudishwa zizini.