Fomu ya upekuzi inauliza madeni na kazi niliyoachishwa. Niandike yote?

Binti wa Gungu:
Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma mjini, ni mtunza kumbukumbu, mwaka wa pili kazini, masjala ya wazi. Juzi afisa utumishi kaniita akanipa fomu za upekuzi, za kunichunguza, maana wanataka kunihamishia masjala ya siri, kwenye majalada ya siri. Nilifurahi mpaka nilipofika nyumbani nikazisoma.

2022 nilikuwa keshia duka moja la jumla. Ikatokea upungufu wa pesa, 640,000. Funguo za droo tulikuwa nazo wawili, barua ya kuachishwa nikapewa mimi. Polisi sikupelekwa, walikata mshahara wangu wa mwisho yakaisha. Kwenye CV niliyoombea kazi hii, duka hilo sikuliweka.

La pili ni deni. Machi 2024 nilichukua mkopo wa kikundi, 1,800,000, nikawa nanunua dagaa Kibirizi na kuwasafirisha Tabora kwa treni. Mei 15 Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi hadi Agosti 15. Mtaji tukaula nyumbani. Wenzangu wakanilipia marejesho mawili, nikaacha kwenda mkutanoni kwa aibu. Imebaki 870,000. Nilikopa pia kwenye simu, nikachelewa, wakamtumia mjomba wangu meseji za kunidhalilisha. Hilo nimelimaliza.

Rafiki yangu anasema niandike HAKUNA. Nina siku tano. Naombeni ushauri.

Mwana Ujiji:
Dada, usijichongee. Duka halikukupeleka polisi, deni la kikundi halina kesi. Nani atajua?

Mzee wa Masjala:
Mwana Ujiji, mwenye duka atajua, katibu wa kikundi atajua, mwenyekiti wa mtaa naye anajua. Hao ndio wanaoulizwa.

Mdogo wangu, nilisomea Uhazili pale Tabora na nimekaa masjala miaka 26, mingi kati ya hiyo ya siri. Kitu kinachoogopwa kwenye chumba kile ni mtu mwenye jambo analolificha. Anayelijua atamjia siku moja na kumwambia, nitolee nakala ya jalada fulani, la sivyo nasema. Deni ulilolitaja mwenyewe halimpi mtu kamba ya kukufunga. Na Aprili 2017 mnaikumbuka: watumishi 9,932 walitajwa kwa vyeti vya kughushi, wakiwemo watu waliokuwa wakifanya kazi vizuri kwa miaka.

Ambatisha karatasi moja. Tarehe, kiasi, sababu, ulicholipa, kilichobaki. Habari ya mwenzako wa funguo iseme kwa sentensi moja tu: droo ilikuwa na funguo mbili. Ukianza kumlaumu, msomaji atakuona wewe ndiye tatizo.

Kinachonisumbua mimi ni CV. Hilo nenda ukamwambie afisa utumishi kwa mdomo wako kabla hujarudisha fomu. Asilikute ndani ya fomu.

Mtoto wa Mwanga, Maryland:
Dada, huku Marekani nimeijaza ya kwao, SF-86. Inauliza kama umefukuzwa kazi ndani ya miaka 7, na madeni yaliyopitiliza siku 120. Nilikuwa na deni la hospitali, nikaliandika. Miongozo yao inazingatia kama tatizo lilitokana na jambo lililo nje ya uwezo wako, na kama umeanza kulipa kwa nia njema. Huko kwetu utaratibu ni mwingine, ila kila mtu Kigoma anajua ziwa lilifungwa, liandike na tarehe zake.

Mama Marejesho:
Mimi ni katibu wa kikundi Isevya, Tabora. Nakusemesha kama mwenzako uliyemwacha kwenye kikao. Tulipolipa marejesho ya mtu, kilichotuuma zaidi ni kiti chake kitupu. Pesa tunajua kuzichanga. Unapita njia nyingine sokoni ili tusikuone, na sisi tunakuona.

Usipeleke fomu kabla hujaenda kwa wenzako wa kikundi. Nenda hata na 50,000. Omba mpange kiasi cha kila mwezi, muandikiane, viongozi wasaini. Ila usijifunge kwa pesa kubwa ukakwama tena ukifika mwezi wa tatu wa kulipa, maana una mshahara wenye makato mengine. Na wale waliochanga zaidi, waombe radhi kila mmoja peke yake.

Kuhusu ya simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Hata kama waliokukopesha wamo, taja, tunza meseji ya malipo ya mwisho.

Binti wa Gungu:
Nimesoma zote, Mama Marejesho umeniliza. Leo nimekwenda kikundini na 60,000. Mwenyekiti hakusema neno, alisogea tu kwenye benchi nikae. Tumeandikiana 75,000 kila mwezi. Karatasi ya maelezo nimeshaiandika mara tatu. Kesho saa mbili niko mlangoni kwa afisa utumishi kuhusu CV.

Limebaki moja. Fomu inataka watu watatu wanaonifahamu. Mjomba aliyetumiwa zile meseji, nimwandike?

Mzee wa Masjala:
Mwandike wa kwanza. Ameshayasikia mabaya yako yote na bado anakuita mwanangu.