Mashine ya kushika chuma: inapima "chi" au inapima mfuko?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu mdogo ana miaka 61, presha anayo na magoti yanamsumbua. Wiki iliyopita shoga yake alimpeleka kwenye kliniki moja ya "tiba ya Kichina ya kisasa". Akapewa chuma cha mviringo akishike mkononi, waya umechomekwa kwenye kompyuta. Dakika moja tu, ikatoka ripoti ya kurasa 34: ini, kongosho, mishipa ya ubongo, hadi kiasi cha zinki mwilini. Karibu kila ukurasa una mstari mwekundu. Tabibu akamwambia chi yake, yaani kile Wachina wanachosema kinatembea mwilini kwenye njia zake, imekwama kwenye njia ya figo, na kwamba mashine inasoma mawimbi ya seli kwa fizikia ya kwanta. Dawa shilingi 480,000. Alikuwa na laki mbili za kikoba, akaziacha pale pale kama kianzio.

Sina ugomvi na mizizi wala sindano zao zinazochomwa bila dawa. Ninachogombana nacho ni lugha. Tiba ya Kichina ina umri wake na heshima yake, ila sasa inavalishwa koti la maabara ili mgonjwa aone aibu kuuliza. Swali langu: mashine hizi ziruhusiwe kutoa majibu ya ugonjwa, au zipigwe marufuku? Karibuni, matusi tuyaache nje.

Tabibu wa Sindano:
Mkuu, pole kwa mama, lakini usiwachanganye matapeli na elimu. Nimesomea sindano Uchina na ninaifanya hadi leo. Mwili ni umeme, hilo halina ubishi: kipimo cha moyo pale hospitali kinasoma nini kama si umeme? Mwanafizikia Schrödinger mwaka 1944 aliandika kwamba kiumbe hai husimama kwa kuvuta mpangilio kutoka nje, akikosa anaoza. Mwanakemia Prigogine akapewa Nobeli ya kemia mwaka 1977 kwa kuonyesha jinsi mpangilio unavyojijenga penye mtiririko wa nishati. Mwaka 2009 Wajapani walipiga picha miili ya watu gizani kwa kamera nyeti, wakakuta mwili unatoa mwanga, hafifu mara elfu kuliko ule jicho linaoweza kuuona, na uso ndio unaong'aa zaidi. Wachina walisema zamani kwamba mwili ni mtiririko. Hospitali zenu zinatibu goti kama spea ya Kariakoo. Hata Shirika la Afya Duniani limeingiza sura ya tiba asili kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019.

Fundi Umeme:
Mimi ya Schrödinger siyajui. Ila mashine kama hiyo nililetewa mwaka jana, haisomi kwenye kompyuta. Nikaifungua. Ndani kuna bodi ndogo, chipu ya USB, taa, na waya unaokwenda kwenye chuma. Nikaunga, ikafanya kazi. Kabla haijapima chochote, programu inakuuliza jinsia, umri, urefu na uzito. Nikajipima na umri wangu halisi, miaka 38. Nikajipima tena nimeandika 75, chuma kile kile, mkono ule ule. Mara ya pili nikawa na mifupa ya mzee. Halafu nikakiviringishia chuma kitambaa kibichi, nikakiweka mezani. Kitambaa nacho kina ini lenye mafuta.

Mjasiriamali Afya:
Fundi usitufundishe kazi. Mashine zetu zina cheti.

Fundi Umeme:
Cheti cha nini, bosi?

Mjasiriamali Afya:
Cha usalama wa vifaa vya umeme.

Fundi Umeme:
Yaani haitampiga shoti mgonjwa. Hapo tumeelewana.

Mwalimu wa Fizikia:
Tabibu, naheshimu ulichosomea, ila umeruka hatua. Chukua sufuria, tia mafuta kidogo yasiyozidi unene wa kidole, weka juu ya moto wa taratibu. Ukitazama kwa makini utaona yanajigawa vyumba vyumba, yanapanda katikati na kushuka pembeni. Huo ni mpangilio unaojijenga kwa mtiririko wa joto, mfano ule ule unaofundishwa pamoja na kazi ya Prigogine. Sasa sufuria ina chi? Mwili ni mfumo wazi, yaani unapokea na kutoa nishati, sawa. Hilo ni kweli kwa mwili, kwa kimbunga na kwa mafuta ya maandazi, hivyo haliwezi kuwa ushahidi kwamba kuna njia ya figo inayopita kwenye nyayo. Na ule mwanga wa Wajapani unatoka kwenye kemia ya oksijeni ndani ya seli. Mimea nayo inautoa.

Kuhusu Shirika la Afya Duniani: sura ile imewekwa ili nchi ziweze kuhesabu watu wanaotibiwa kwa njia hiyo. Shirika lenyewe lilisema kwamba si muhuri wa kuthibitisha tiba.

Kuna jambo jingine watu hawalijui. Herufi ya chi kwa maandishi ya zamani ni mvuke juu ya mchele. Ni pumzi, ni mvuke, ni hewa inayotembea. Aliyeeneza tafsiri ya "nishati" ni Mfaransa, George Soulié de Morant, karne ya 20. Kwa hiyo tunaponunua "nishati ya Kichina" tunanunua kamusi ya Paris.

Mpemba Halisi:
Mwalimu umenikumbusha marehemu babu. Kwetu tabibu alikuwa akisema maradhi ni hari na baridi, yabisi na rutuba, yaani ukavu na unyevu. Na neno "mshipa" tazama: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, halafu mtu anakwambia "mshipa umenipanda" akishika kinena. Daktari akienda kuutafuta mshipa huo kwa kisu hauoni, wala babu hakuwa mwongo. Alikuwa akitaja maumivu na njia yanayopita. Mie naona hizo njia za Wachina ndiyo hivyo hivyo. Ukizitia kwenye kompyuta umezidhulumu.

Tabibu wa Sindano:
Mpemba, hapo nakubali nusu. Mashine siitetei, sijawahi kuitumia. Ila Mwalimu asifunge mlango. Mwaka 2021 jarida la Nature lilitoa utafiti wa panya. Walipitisha umeme mdogo kwenye kituo cha sindano kiitwacho Zusanli, pale chini ya goti, uvimbe wa ndani ya mwili (inflamesheni) ukapungua. Walipoweka umeme huo huo tumboni, haikutokea. Kwa hiyo mahali pana maana.

Mwalimu wa Fizikia:
Na kwa nini pana maana? Kwa sababu mguuni, kwenye utando wa ndani, kuna neva za aina fulani ambazo tumboni hazipo, zinazopeleka habari hadi kwenye tezi za juu ya figo. Walipoziondoa hizo neva, athari ikafa. Huo ni utafiti mzuri sana, na umepata neva. Sasa weka pembeni yake ule wa Ujerumani wa 2007, wagonjwa 1,162 wa mgongo. Baada ya miezi sita, waliochomwa kwenye vituo vya Kichina waliopata nafuu ni asilimia 47.6. Waliochomwa juu juu mahali pasipo na kituo, 44.2. Waliopewa matibabu ya kawaida, 27.4. Sindano inasaidia kuliko kawaida, ramani ya vituo karibu haiongezi kitu. Nani kati yetu atayafurahia majibu hayo yote mawili?

Muuguzi wa Zamu:
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Kiungo cha dawa mseto ya malaria ninayogawa kila usiku kimetoka kwenye tiba ya Kichina. Mwanasayansi wa Uchina, Tu Youyou, alikuta kitabu cha karne ya 4 kinasema mmea wa qinghao uloweke majini, ukamue, unywe. Akang'amua kwamba moto ndio unaoharibu, akakamulia etha kwa joto dogo mwaka 1971, kisha yeye na wenzake wakainywa wao kwanza. Hakumwambia mgonjwa ashike chuma. Mleta mada, mama yako dawa za presha anaendelea nazo?

Mleta mada:
Aliambiwa aziache wiki mbili ili "chi ifunguke".

Muuguzi wa Zamu:
Azirudie leo hii hii, kaka. Kesho asubuhi mpeleke akapimwe presha, na damu kwa ajili ya figo. Mengine tutaendelea kubishana.

Fundi Umeme:
Na mimi Jumamosi nipo gereji kutwa. Mjasiriamali alete mashine, sisi tutaleta watu watano na kitambaa kibichi kimoja, wakae nyuma ya pazia. Akikitambua kitambaa, hiyo 480,000 nalipa mimi.

Mjasiriamali Afya:
Mashine kwa sasa iko Dodoma.