Kwa nini kwenye ndege ndogo tunapimwa uzito halafu tunapangiwa siti?

msafiri_wa_kisiwani:
Wakuu habari za leo. Juzi nimetoka Dar kwenda Zenji na kale kandege ka Caravan, pale kaunta nikapandishwa kwenye mzani mimi na begi langu, nilivyoingia nikakaa nyuma kabisa, rubani akageuka akasema "kaka njoo mbele huku", dada mmoja mwembamba akapelekwa siti yangu. Sasa uzito si uleule tu? Kukaa mbele au nyuma kunabadilisha nini?

fundi_bawa:
Mkuu jumla haibadiliki ila kitovu cha uzito, yaani pale ndege nzima inapobalansi, kinahama, na hicho ndo kinaamua ndege itulie au isitulie. Umeshaona baiskeli ya mkaa? Gunia likikaa nyuma sana tairi la mbele linaelea, usukani unakuwa mwepesi, ukigusa kidogo inayumba. Ndege hivyohivyo. Kitovu kikiwa mbele, upepo ukiinua pua inarudi chini yenyewe, kikizidi kusogea nyuma kunafika mahali pua ikiinuka kidogo inaendelea tu kuinuka. Na bawa likiishiwa nguvu, ile tunaita kustoli, ndege inatakiwa ishushe pua ipate spidi, sasa mkia ukiwa mzito pua inagoma kushuka.

msafiri_wa_kisiwani:
Basi si tujazane wote mbele?

fundi_bawa:
Hapana, mbele nako kuna mpaka wake. Pua ikiwa nzito mkia lazima usukume chini kwa nguvu, huo msukumo bawa linaubeba kama mzigo wa ziada, mafuta yanaliwa zaidi na spidi ya kustoli inapanda. Kutua ndo kazi, unavuta usukani mpaka tumboni pua haiinuki, tairi la mbele linatangulia kugonga lami.

mama_pakia:
Mimi napakia mizigo, nawaambia hili si la kuchukulia poa. ATR, ile ndege ya abiria ya mapanga, ikiwa imepaki watu wanapandia mlango wa nyuma, kwa hiyo tunaweka nguzo chini ya mkia isije ikakalia makalio. Chini hapo nguzo ipo, angani haipo. Mwaka 2003 pale Charlotte, Marekani, ndege ndogo ya abiria aina ya Beech 1900D iliruka ikiwa na uzito uliozidi na kitovu kimepita mpaka wa nyuma, kwa sababu abiria na mabegi walikadiriwa kwa wastani na wastani wenyewe ulikuwa mdogo kuliko watu halisi, halafu juu yake kebo za eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, zilifungwa vibaya kwenye matengenezo, rubani akisukuma usukani eleveta haishuki inavyotakiwa. Pua ilipanda ikapanda, ikastoli. Watu 21, hakupona hata mmoja. Baada ya pale Wamarekani wakaongeza huo wastani. Ndo maana kwenye ndege ndogo mimi naamini mzani, kukadiria kwa macho hapana.

msafiri_wa_kisiwani:
Aisee dada asante. Mimi na begi mzani ulisoma kilo 112, kumbe ndo maana aliniita mimi. Jumapili narudi, nakaa atakaponiweka.