Kura ya mwanachama wa tawi inafika wapi chama kinapochagua mwenyekiti wa taifa?

Mtoto wa Barabara ya 20
Habari za jioni, wana Tanga. Kadi ninayo, ada nimelipa, na uchaguzi wa tawi hapa Makorora huwa napiga kura. Lakini mwenyekiti wa taifa na mgombea urais wanapatikana Dodoma au Dar, kwa kura za watu nisiowajua. Wanaozijua katiba za vyama wanieleze: kura yangu inaishia wapi? Na mtu akiongoza kura za maoni, zile za ndani ya chama za kutafuta mgombea ubunge, halafu jina likakatwa, inakuwaje? Naomba utaratibu, si ushabiki.

Bibi Raskazone
Mwanangu, kura yako inaishia tawini, ila inazaa mjumbe, na mjumbe huyo ndiye anayesonga mbele. Chukua CCM: kuna shina, tawi, kata, wilaya, mkoa, kisha taifa. Shinani na tawini unapiga mwenyewe. Kuanzia kata wanapiga wajumbe. Mkutano mkuu wa wilaya ndio unaochagua wajumbe wa kwenda Mkutano Mkuu wa Taifa, na huko wanakutana na walioingia kwa vyeo: wenyeviti na makatibu wa wilaya na mikoa, wabunge, viongozi wa jumuiya za chama. Hao wa vyeo ni wengi, watu huwasahau wakipiga hesabu.

Kwa urais kuna chujio jingine juu yake. Mwaka 2015 waliorudisha fomu walikuwa 38. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu ikapigia kura hao watano wakabaki watatu, na Mkutano Mkuu ukachagua mmoja: Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Mjumbe aliyetoka Tanga na jina lake moyoni, kama jina hilo lilikatwa Kamati Kuu, hakuwa na pa kuliandika. Kwa hiyo ukiuliza kura ya nani ina uzito, angalia kwanza nani anaamua majina yapi yafike kwenye karatasi.

Fundi Saa Ngamiani
Shikamoo bibi, umesema kweli tupu. Naongeza hesabu ya CHADEMA walipochagua mwenyekiti wa taifa, Januari 2025, ukumbi wa Mlimani City, Dar. Kura zilizopigwa 999, zilizoharibika 3. Lissu 513, Mbowe 482, Odero 1. Tofauti ni 31. Wajumbe 16 tu wangehama upande, ingekuwa 498 kwa 497 na mwenyekiti angekuwa mwingine. Watu 16 hawajazi hata Kosta moja ya Tanga kwenda Muheza!

Ndiyo maana wanaoutaka uenyekiti wa taifa hawaanzi kampeni mwaka wa uchaguzi. Wanaanza kupanga safu mapema, kwenye uchaguzi wa matawi, majimbo na mabaraza, ambako wanachama wengi hawaendi kwa kuona ni jambo dogo. Mkutano wa taifa unapofunguliwa, kila kambi imeshajua kwa kukadiria ina watu wangapi ukumbini. Asiyehudhuria tawini ameshampa mwenzake kura yake, na hatajua alimpa nani.

Mwanasheria wa Pwani
Nijibu la kura za maoni. Ndugu, jina lenyewe linajieleza: ni maoni. Mwaka 2015 CCM waliwaruhusu wanachama wote wapige kura za ubunge. Mwaka 2020 wakarudisha kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, kura zikahesabiwa hadharani, na ndipo ule msemo wa "wajumbe si watu wazuri" ukashika kasi. Mwaka 2025 idadi ya wapiga kura iliongezwa, lakini mchujo wa majina ukatangulia kura. Katika miaka yote hiyo mitatu uteuzi wa mwisho ulibaki kwenye vikao vya juu. Aliyeongoza hana hati ya kudai, ana rufaa ya ndani tu.

Uzito wake ni huu: Katiba ya nchi, kuanzia ibara ya 39 kwa urais na 67 kwa ubunge, inataka mgombea awe mwanachama na adhaminiwe na chama. Mgombea binafsi hayupo. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema mwaka 2013, katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka haki, na bado mlango ni mmoja. Mbunge akikoma kuwa mwanachama, ubunge nao unaondoka. Kikao cha chama kinachokata jina kinamkatia mwananchi wa Tanga Mjini orodha ya kuchagulia, hata kama hana kadi ya chama chochote. Hili linaniuma zaidi kuliko ugomvi wowote wa kambi.

Msomaji wa Pongwe
Uingereza pia wanavutana kwenye jambo hilihili. Chama cha Labour mwaka 2010 kiligawa kura mafungu matatu sawa: wabunge, wanachama, vyama vya wafanyakazi. David Miliband alishinda kwa wabunge na kwa wanachama, mdogo wake Ed akamshinda kwa jumla kupitia fungu la wafanyakazi. Mwaka 2014 wakafuta mafungu, kila mtu kura moja. Kwa Conservative, wabunge huchuja hadi wawili, kisha wanachama huchagua: mwaka 2022 Liz Truss 81,326, Rishi Sunak 60,399. Truss hakuwa chaguo la kwanza la wabunge, na hakumaliza miezi miwili madarakani. Kila mfumo una gharama yake. Mimi naupenda wa kila mwanachama kura moja, ila unadai daftari safi la wanachama, na daftari ndilo tatizo letu.

Mtoto wa Barabara ya 20
Nimeelewa, ahsanteni. Sasa hapo kwenye daftari: tawini tufanye nini kura isiharibike?

Katibu Mstaafu Mabawa
Anzeni wiki kadhaa kabla. Mwombeni katibu daftari la wanachama alisome mbele ya kikao, jina kwa jina, na stakabadhi za ada pembeni. Kadi zinazogawiwa kwa mkupuo usiku wa kuamkia uchaguzi hujulikana hapo: namba zinafuatana, tarehe moja, mwandiko mmoja.

Siku yenyewe, hesabuni watu waliokaa kabla ya kugawa karatasi, mtaje idadi kwa sauti na iandikwe kwenye muhtasari, ili akidi, yaani idadi inayotosha kufanya kikao kiwe halali, isije kubishaniwa kesho. Karatasi za kura tawini mara nyingi ni daftari la shule lililokatwa vipande. Hapo ndipo panapovuja. Kila kipande kigongwe muhuri wa tawi nyuma kabla hakijagawiwa, na vilivyobaki vichanwe mbele ya watu. Wakiwa 64 ukumbini na boksini zikatoka 67, msianze kuzijadili, rudieni kura papo hapo.

Kukiwa na wagombea wawili waitwao Juma, wapeni namba au waandikwe majina matatu ubaoni. Kura za "Juma" peke yake zimevunja chaguzi nyingi. Kila mgombea awe na mtu wake mezani wakati wa kuhesabu, na karatasi ionyeshwe upande wa maandishi, isisomwe tu.

Soda na nauli za mgombea zikataliwe. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hata uteuzi ndani ya chama, na TAKUKURU wana mamlaka hapo.

Rufaa iandikwe, ipelekwe ngazi inayofuata ndani ya siku zilizotajwa na kanuni, na mbaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Mkikimbilia mahakamani kabla ya kumaliza ngazi za ndani, swali la kwanza mtakaloulizwa ni hilo, na bila nakala hamtakuwa na jibu.

Mtoto wa Barabara ya 20
Shikamoo mzee. Muhuri nyuma ya karatasi hatujawahi kugonga. Nitalipeleka kwenye kikao cha Jumapili.