Mrejesho: Yule dume wa buluu aliyekuwa anaua wenzake

Wadau, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza hapa nifanyeje na dume mkali kati ya mbuna wangu, wale samaki wa mawe wa Ziwa Malawi. Niko Ntinda, Kampala, tangi la lita 200, samaki 7 waliobaki baada ya dume mmoja kuua wawili. Asanteni sana mliojibu.

Kupanga mawe upya, ili apoteze eneo analolilinda, kulimtuliza siku mbili tu, akaanza tena. Kilichosaidia ni kuongeza idadi: nilitia wadogo 9 kwa mpigo, taa zimezimwa, sasa hajui amfukuze nani. Yule wa njano, mapezi yake yalikuwa kama kitambaa kilichotafunwa na panya, yameota tena. Ila kazi imeongezeka, kila wiki nabadilisha theluthi ya maji, na ya bomba nayalaza kwenye pipa kwanza.

Matumbawe yaliyosagwa kwenye kichujio yamepandisha pH (kipimo cha asidi na alkali kwenye maji) kutoka 7 hadi 8, maana mbuna wanapenda maji ya alkali.

Nilipofeli: jike alibeba mayai mdomoni, nikamhamisha mapema kwa pupa, akayameza yote. Safari ijayo simgusi hadi wiki ya tatu. Na umeme ukikatika bado nahangaika, ile pampu ya hewa ya betri ilidumu usiku mmoja.